Siku sita Mafia na stempu mbili kwenye kopo la chapati

Siku ya kwanza, Jumatatu

Saa kumi na moja alfajiri niko Mbagala Rangi Tatu natafuta basi la Nyamisati, begi mgongoni, mkononi nimekumbatia kopo la plastiki lile la kuwekea chakula. Konda akasema kaka hilo weka juu huko, nikamwambia hili halipandi juu, akacheka, "Kwani umebeba mayai?" Nikamwambia ndiyo, mayai. Maana ukianza kumweleza mtu saa hizo kwamba umebeba stempu mbili za posta za wakati wa vita ya Mjerumani na unazirudisha kwao zikapaone, utajibu maswali mpaka Bungu.

Koponi mna stempu mbili, kila moja kwenye kibahasha chake cha karatasi laini, lenzi ya kukuza mara kumi, kibano, na vile vipakti vidogo vyenye chembechembe vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu vipya, nimevikusanya mwaka mzima mpaka fundi viatu wa mtaani ananiwekea. Unyevu wa pwani huu mwezi wa kwanza si mchezo, gundi ya nyuma ikipata joto na jasho inanata kwenye karatasi na hapo stempu yako umeizika.

Ya kwanza ni ya India, anna moja (anna ni sarafu ya India ya wakati ule), nyekundu, ina kichwa cha Mfalme George wa Tano. Juu yake kiwandani pamechapwa herufi nyeusi I.E.F., hiyo ni alama ya jeshi la India lililopelekwa kupigana ng'ambo, halafu juu ya hapo tena kuna mtu kakaa mezani na muhuri wa mkono kagonga mistari mitatu kwa wino wa kijani unaoelekea bluu: G.R., POST, MAFIA. Umekaa upogo kidogo, M ya MAFIA inakaribia kuingia kwenye meno ya pembeni. G.R. ni Kilatini, Georgius Rex, Mfalme George huyohuyo ambaye kichwa chake kipo chini, kwa hiyo mzee wa watu katajwa mara mbili kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kucha. Hii nilibadilishana zamani na mzee mmoja wa Kisutu, nikampa stempu kadhaa za Uhuru za 1961 yeye akanipa hii, na sidhani kama aliitazama mara mbili.

Ya pili ndo ilikuwa roho yangu. Ya Mjerumani, imeandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani, heller mbili na nusu (heller ni sarafu yao), rangi ya kahawia, ina meli. Ile meli ni Hohenzollern, yoti yaani meli ya starehe ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, waliiweka kwenye stempu za makoloni yao kila upande, kuanzia kwetu mpaka Samoa, ndo maana wakusanyaji wanaziita tu "za yoti". Na juu ya meli muhuri wa zambarau: G.R. MAFIA. Hizi ndo za mwanzo kabisa, Januari 1915, na katalogi inazitaja kwa mamia ya pauni, zile za rupia zinafika maelfu. Mimi nililipa dola 70 kwa muuzaji mmoja wa Ulaya. Mtu mwenye akili zake hapo angesimama ajiulize. Mi nilijiambia riziki.

Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, halafu tukaacha lami tukaelekea baharini. Nyamisati joto linapiga toka juu na toka chini, nikala wali kwa mama ntilie, tukapanda boti. Mwanzo mnapita kwenye mikoko, maji yametulia rangi ya chai ya maziwa, na mi nikawa nanyoosha shingo kusini utadhani nitaona kitu, kwa sababu ndani ya delta hii hii ya Rufiji, kwenye mkono mwingine wa kusini, ndiko meli ya kivita ya Wajerumani Königsberg ilikojificha. Septemba 20, 1914 ilikwenda Zanzibar ikaizamisha meli ya Waingereza Pegasus ikiwa imetia nanga inatengenezwa, halafu ikarudi ikaingia mikokoni ikajifunika matawi. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, maji mafupi. Wakahitaji mahali pa karibu pa kukaa, pa kurushia ndege, pa kuitazamia kutoka juu. Tazama ramani uone kisiwa gani kinauangalia mdomo wa Rufiji uso kwa uso. Stempu zangu zipo kwa sababu ya ile meli, bila Königsberg Mafia ingebaki kisiwa cha nazi tu na hakuna mtu angegonga chochote.

Tulipotoka nje ya mikoko kaskazi ikatupokea. Sitaieleza sana. Dada mmoja pembeni yangu alitapika toka tunatoka hadi tunafika, na mi kopo nimeliweka tumboni chini ya shati kama mjamzito. Kilindoni tulishuka magharibi imeshaingia.

Siku ya pili, Jumanne

Nimelala gesti karibu na soko, feni inazunguka ikijisikia. Asubuhi chai na pweza, ndiyo, pweza asubuhi, ukiwa Mafia kula pweza usiulize saa.

Nikaenda posta. Si kwamba nilitegemea kukuta stempu za 1915 kwenye droo, sijafikia huko, ila wakusanyaji tuna kamchezo: unajiandikia barua mwenyewe, unabandika stempu, unaigongesha muhuri wa mahali ulipo, unaituma kwako. Bahasha ikifika ina jina la mahali na tarehe, hiyo ndo picha yako ya safari. Dada wa kaunta alisoma jina la mtumaji, akasoma jina la mpokeaji, akaniangalia. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo hakuna mtu mwingine wa kumwandikia?" Nikamwomba agonge taratibu muhuri usomeke vizuri. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Nikambandikia stempu mbili, nikaiachia.

Nikakaa chini ya mkungu nje nikawa naangalia watu wanapita na nikitafakari kwamba mwaka 1915 pesa za hapa zilikuwa zinamchanganya mtu vibaya mno. Fuata kidogo. Wajerumani walinunua pwani yote pamoja na Mafia kwa Sultani wa Zanzibar 1890, mark milioni 4, na mwanzoni stempu zao zilikuwa za sarafu iliyoitwa pesa, pesa 64 rupia moja. Baadaye wakabadili wakaleta heller, 100 rupia moja.  Januari 1915 wanajeshi wa KAR, askari Waafrika wa Mwingereza, wakashuka upande wa Kisimani pamoja na Wahindi, wakapigana na kikosi kidogo cha Wajerumani pale Ngombeni, siku chache kisiwa kikawa cha Mwingereza. Barua za mwanzo zikatoka bila stempu kabisa. Halafu wakachukua zile za Mjerumani zilizokutwa, wakazigonga G.R. MAFIA, bas, zimebatizwa.

Zikaanza kupungua. Mwezi wa tano ukaja muhuri mwingine, huu sasa unasema G.R. POST 6 CENTS MAFIA, umegongwa juu ya stempu zilezile za yoti bila kujali kwamba ya chini imeandikwa heller ngapi. Kwa nini senti 6? Nilisumbuka na hili siku nyingi mpaka nilipokaa na kalamu: Zanzibar rupia ilikuwa senti 100, India rupia ilikuwa anna 16, sasa gawa 100 kwa 16 unapata 6 na robo. Senti 6 ndo anna moja kwa mkono mwingine! Kwa hiyo stempu yangu nyekundu ya anna moja na zile za senti 6 ni karibu bei ileile, anayelipa ni mwingine tu. Halafu hata za yoti zikaisha, wakaingia kwenye stempu za ushuru za Mjerumani, zile za takwimu za bidhaa bandarini, wakazigonga duara lenye O.H.B.M.S. na Mafia, yaani kwa kazi ya mfalme wa Uingereza. Mpaka stempu za ushuru! Ni kama wewe leo ukikosa stempu ubandike risiti ya EFD kwenye bahasha. Mwezi wa tisa 1915 ndo zikaja za India za I.E.F. na muhuri kama ule wangu, na 1916 zikagongwa tena kwa chapa nyingine, mpaka 1918 mambo yakahamia kwenye stempu za G.E.A., yaani German East Africa, zilizotumika bara kote na Mafia ikarudi kuwa mahali pa kawaida.

Ndani ya mwaka mmoja kisiwa kimoja: heller, senti, anna. Bibi wa Kilindoni mwenye mnazi wake alikuwa anahesabuje?

Jioni nikaenda ufukweni. Vijana wanaita watalii kwenda kuogelea na papa shilingi, huu ndo msimu wake, wanaitwa hivyo kwa yale madoa ya duara mgongoni kama sarafu. Sikwenda, sijui kuogelea. Ila nilipata wazo kwamba kisiwa hiki hata samaki wake wamepigwa chapa juu.

Siku ya tatu, Jumatano

Bodaboda mpaka Utende, lami nzuri, minazi kushoto minazi kulia, halafu kimashua cha kuvuka kwenda Chole. Watu wanafikiri makao ya Mjerumani yalikuwa Kilindoni toka zamani, hapana, yalikuwa Chole, kijisiwa hiki unaweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijachoka. Chole Mjini, na kile kisiwa kikubwa chote wazee walikiita Chole Shamba. Fikiria, mji ni huku kwenye kipande, kikubwa chote ni shamba! Wajerumani wakahama kwenda Kilindoni 1913 kwa sababu meli zao zilitaka maji marefu, kwa hiyo stempu za 1915 sidhani kama ziligongewa Chole. Nilijua. Nilikwenda kwa sababu ya magofu.

Na magofu yenyewe aisee. Kuta zimeshikwa na mizizi ya mitini, mti umekaa juu ya ukuta umeshusha mizizi pande zote mbili kama mtu amekaa juu ya punda, hujui tena ukuta unashikilia mti au mti ndo unashikilia ukuta. Juu kule miti mingine imejaa popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe wanagombana. Kimya kingine chote.

Nikakuta mzee kakaa kwenye jiwe anasuka kamba ya makumbi. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu, umetokea wapi, Dar, na wewe umekuja kuangalia popo? Nikamwambia nimekuja kuangalia boma na nikafungua kopo. Sijui kwa nini, nafikiri nilikuwa nimechoka kusema mayai. Nikampa lenzi, nikashika ile ya kahawia kwa kibano, nikamgeuzia jua.

Sasa hapa nieleze. Stempu hii nimeiangalia labda mara mia mbili, na mara zote hizo ni nyumbani usiku, chini ya taa ile nyeupe au tochi ya simu. Stempu ni kahawia iliyoiva, wino wa zambarau umejaa, na chini yake kuna uchafu mweusi pembeni ambao mi nilikuwa nauita "muhuri wa posta hausomeki" nikapita. Chole ilikuwa karibu saa sita, hakuna kivuli, mwanga unaingia mpaka kwenye nyuzi za karatasi. Mzee akashika lenzi akaikaribisha jichoni kama mtu aliyeizoea, akakaa nayo kimya. Akasema, "Mwanangu, hapa si pameandikwa Mafia."

Nikamwambia mzee si hapo, zambarau, hiyo MAFIA.

"Hiyo nimeiona. Hii nyeusi. Inasema BOR. Bora nini?"

Nikachukua lenzi. Nikatafuta ule ukingo wa kulia. Na kweli kuna upinde wa duara mweusi na juu ya upinde herufi tatu, B nzima, O nzima, R imekatwa mguu na meno ya stempu. BOR. Mi huyu huyu miaka miwili naiangalia. Na mzee anaendelea kusuka kamba yake anauliza tena, bora nini, bora posta?

TABORA.

Mihuri ya Mjerumani inaandika jina la mji juu ya duara, na hakuna mji mwingine wenye posta kwenye koloni lile wenye herufi hizo tatu kwa mpangilio huo. Nikaanza kujitetea kichwani, labda barua ilisafiri, labda mtu wa Mafia alikwenda bara. Halafu nikasimama palepale. Mafia imechukuliwa na Mwingereza Januari 1915. Tabora ilikaa mikononi mwa Mjerumani mpaka Wabelgiji walipoingia Septemba 1916. Kati yao kuna vita. Stempu iliyogongwa jina la Mfalme George pale Kilindoni itafikaje kaunta ya posta ya Mjerumani Tabora, na karani wa Kaiser aipokee, aigonge, aseme asante karibu tena? Haifiki. Ilichofanyika ni kitu rahisi mno: stempu ya kawaida ya yoti, imetumika Tabora kwa amani kabla ya vita, ya bei ya chai na maandazi, halafu miaka mingi baadaye mtu kakaa mahali na muhuri wa kughushi na wino wa zambarau akaipa Mafia.

Nikaangalia tena kwa lenzi pale mistari inapokutana. Muhuri wa posta wa kweli unakuja mwisho, unapita juu ya kila kitu. Huu wangu zambarau ndo inapita juu ya nyeusi, haikatwi mahali popote, A ya MAFIA imekanyaga mguu wa B kama mtu aliyechelewa kwenye safu ya swala.

Mzee akauliza, ni hela nyingi? Nikamwambia ilikuwa. Akasema pole, akanipa dafu.

Siku ya nne, Alhamisi

Sikutoka gesti mpaka mchana. Nilikuwa na mpango wa kwenda Juani kwenye magofu ya Kua, nikaghairi.

Hasira zikikutoka unaanza kuogopa. Kama ya kahawia ni feki, je hii nyekundu? Maana na yenyewe ni muhuri wa mkono, na muhuri wa mkono ni kitu ambacho fundi yeyote wa mihuri pale Kariakoo anakukatia ukisubiri. Ndo shida ya stempu za Mafia nzima, hazikuchapwa na mashine kubwa London, ziligongwa na watu kwa mkono, kwa hiyo waghushi walizipenda toka zamani.

Nikazima simu, nikaifuta kioo kwa shati, nikaiweka mezani ikawa ndo sahani yangu nyeusi. Nikailaza stempu ya India kifudifudi juu ya kioo. Watu wengine wanadondoshea majimaji ya kujazia viberiti ili ile alama ya ndani ya karatasi itokee, dukani walikuwa na petroli ya bodaboda tu na hiyo siweki kwenye stempu hata kwa fimbo. Nikainamisha simu polepole kuelekea dirishani. Nyuma ya stempu kuna weupe tu, weupe, halafu simu ikafika pembe fulani na nyota ikajitokeza katikati, hafifu, kama alama ya kikombe kwenye meza ya mbao. India ya wakati ule ina nyota kwenye karatasi. Bas karatasi ni yenyewe.

Mbele nikatafuta muhuri wa posta. Upo kipande, hausomeki jina, mstari mmoja wa upinde tu, ila huo mstari mweusi umepita juu ya kijani. Juu! Nikarudia mara tatu. Umepita kwenye O ya POST ukaigawa mara mbili. Aliyegonga G.R. POST MAFIA alitangulia, karani wa posta akafuata. Halafu wino wenyewe wa kijani-bluu ndo ule unaotajwa kwa toleo la Septemba 1915, na herufi hazijakolea sawa, P imejaa T imefifia, mtu alibonyeza upande mmoja. Siwezi kuapa mahakamani, hati ya mtaalamu inagharimu zaidi ya stempu yenyewe. Ila nililala.

Usiku nikaanza kumcheka yule mghushi. Alikuwa na mkoa mzima wa stempu za kuchagua akachukua yenye Tabora. Angepata ambayo haijatumika kabisa asingeachwa na alama.

Siku ya tano, Ijumaa

Baada ya swala ya Ijumaa mwenye gesti akaniambia kuna shangazi yake ana sanduku la barua za marehemu mumewe, alikuwa mwalimu, na habari za mtu wa stempu zilishazunguka Kilindoni nzima. Bibi akanikaribisha barazani, akaleta mkate wa kumimina, halafu sanduku la bati lililofungwa kamba. Nikaomba radhi nikaosha mikono kwanza, akapenda hilo.

Nilikaa pale mpaka alasiri. Sitaki kuwadanganya, 1915 haikuwemo, hata harufu yake. Zilikuwepo za Kenya, Uganda na Tanganyika za pamoja, zile zenye malkia na twiga, za Uhuru wa 1961, za Zanzibar mbili tatu, za Tanzania za samaki nyingi sana. Nyingine mende wamekula gundi, nyingine zimegeuka tofali. Nikamsaidia kuzipanga kwa miaka, nikamwonyesha kwamba asizibandue stempu, bahasha nzima yenye muhuri ndo mali, watu wengi wanakata pembe wanatupa bahasha na hapo wanatupa ushahidi. Bibi akauliza ni ushahidi wa nini. Nikamwambia wa wapi na lini. Akachukua bahasha moja, akaipeleka mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akasoma muhuri, "Utete, sitini na nne," akanyamaza, akasema hii ni alipokwenda kule kwenye semina, alikaa mwezi mzima, akaandika barua nne. Akaiweka pembeni na hakuirudisha kwenye fungu langu.

Akataka kunipa mbili za malkia. Nikakataa, akanifungia mkate.

Siku ya sita, Jumamosi

Boti ilichelewa, kaskazi. Tukakaa gatini toka alfajiri, nikapiga stori na kijana wa Wuga, yaani Vuga ya Usambara, fundi umeme, nikamwambia unajua kwenu kulichapwa stempu? Hakuwa anajua. 1916 Mjerumani kaishiwa stempu kabisa kwa sababu bahari imefungwa, wamisionari wakazichapa pale kwenye mtambo wa misheni, kabla hazijatumika ikaponyoka meli moja ikaleta mzigo kutoka Ujerumani na stempu zikiwemo, kwa hiyo za Vuga zikazikwa ardhini Morogoro Mwingereza asizipate. Zikachimbuliwa 1921 zikauzwa. Kijana akasema, "Kwa hiyo huyu anagonga, yule anazika." Ndo hivyo.

Safari hii bahari ilikuwa na adabu. Kwenye delta nikafungua kopo kidogo kuangalia kama unyevu haujaingia. Ile ya kahawia nimeibakisha, siiuzi, siwezi kumuuzia mtu huku najua, na kuitupa nako roho haitaki. Nimeandika nyuma ya kibahasha chake kwa penseli: Tabora.

Wiki mbili baadaye

Bahasha imefika. Nilikuwa kazini, mwanangu ndo aliipokea akanipigia simu, baba kuna barua yako, nani kakuandikia? Nikamwambia angalia muhuri ni wa wapi. Nikamsikia anaigeuzageuza. Yule dada wa kaunta aligonga taratibu kama nilivyomwomba, taratibu mno, nusu ya duara haijatoka.

"Baba, inasema NDONI. Imetoka Kinondoni."